Tumeandika wawili, Git inamtaja mmoja: tufanyeje?

SWALI: Habari za kazi. Ofisini tunaandika programu wawili wawili: mmoja anashika kibodi, mwingine anafuatilia na kuelekeza, kisha tunabadilishana. Kompyuta tunayotumia ni yangu, kwa hiyo kila komiti (badiliko la msimbo linalohifadhiwa na Git, programu ya kutunza historia ya msimbo) inatoka kwa jina langu. Kazi ya mwenzangu ya miezi kadhaa haionekani popote GitHub, tovuti tunakohifadhi msimbo, na sasa anatafuta kazi kwingine. Je, komiti moja inaweza kubeba waandishi wawili? Na zile za zamani je?

JIBU: Nzuri, ahsante. Hili lishughulikieni leo hii, maana mwajiri akifungua ukurasa wa mwenzako ataona miraba mitupu, ile ya kila siku inayojaa rangi mtu akifanya kazi, na kudhani alikuwa amekaa tu.

Komiti ya Git ina nafasi mbili za majina: mwandishi, na aliyeiingiza. Git ilizaliwa mwaka 2005 kwenye mradi wa Linux, ambako mtu mmoja huandika mabadiliko na kuyatuma kwa barua pepe, kisha mwingine huyapokea na kuyaingiza. Kila nafasi inachukua mtu mmoja. Wapo wanaoweka jina la mwenzao kama mwandishi kwa `--author`, wao wakabaki kama walioingiza. Ujanja huo unadumu mpaka mtu afanye `git rebase`, amri ya kuzipanga upya komiti juu ya msingi mwingine. Hapo jina la aliyeingiza linafutwa na kuandikwa la aliyefanya rebase. Wengine huunganisha majina mawili kwenye `user.name`, mpangilio wa jina la mtumiaji. Git haikatai, lakini GitHub humtambua mtu kwa anwani ya barua pepe, kwa hiyo mmoja wenu bado atapotea. Njia zote mbili siziungi mkono.

Inayofaa ni kuongeza mstari huu mwishoni mwa ujumbe wa komiti:

```
Rekebisha hesabu ya riba ya mkopo

Co-authored-by: Jina la Mwenzako <mwenzako@example.com>
```

GitHub imeutambua mstari huu tangu mwaka 2018, na huonyesha picha za wote wawili kwenye komiti. Wanaokwama wengi hukwama kwenye nafasi. Lazima pawe na mstari mtupu kati ya maelezo na majina, na mkiwa watatu, mistari ya majina ifuatane bila kuachana. Ndiyo maana kuandika `-m`, alama ya kuweka ujumbe ndani ya amri, mara kadhaa kunaleta shida: kila `-m` huwa aya yake, na Git huhesabu aya ya mwisho peke yake. Kuanzia toleo la 2.32 la Git mnaweza kuandika hivi, mkirudia `--trailer` kwa kila mtu:

```
git commit -m "Rekebisha hesabu ya riba" --trailer "Co-authored-by: Jina <anwani>"
```

Anwani iwe ile ile mwenzako aliyoisajili kwenye akaunti yake ya GitHub. Muulize mwenyewe, usikisie, kwa sababu kila mwenye ruhusa ya kusoma ripo (hifadhi ya mradi) ataiona. Asipotaka ionekane, GitHub humpa anwani ya kuficha inayoishia na `users.noreply.github.com`, ataikuta kwenye mipangilio ya barua pepe, nayo inahesabika vilevile. Kumbuka pia kwamba ile miraba hujaa komiti ikishafika kwenye tawi kuu la ripo, yaani mkondo mkuu wa msimbo.

Jueni mpaka wa mstari huu. `git blame`, inayoonyesha nani aliandika kila mstari wa msimbo, itaendelea kumtaja mwandishi mmoja, na `git log --author`, inayotafuta komiti kwa jina la mwandishi, haitamwona mwenzako. Kwa hiyo kibodi ikibadilisha mikono, badilisheni na mwandishi: nusu ya komiti zitoke kwa jina lake, wewe ukiwa kwenye mstari wa chini. Mkitaka hesabu ya wote, tumieni:

```
git shortlog -sn --group=author --group=trailer:co-authored-by
```

Mkaguzi aliyesoma tu na kuonyesha kosa simweki kwenye mstari huu. Yeye ana wake, `Reviewed-by`. Lakini aliyekaa kando yako akafikiri nawe, hata asipogusa kibodi hata mara moja, ni mwandishi kamili. Katika hilo sina shaka yoyote.

Sasa za zamani. Komiti ya mwisho ambayo hamjaipeleka GitHub irekebisheni kwa `git commit --amend`. Zilizo kwenye tawi ambalo halijaunganishwa bado zina nafasi: mkiziunganisha kuwa komiti moja pale GitHub, ujumbe unaweza kuhaririwa na jina likaongezwa. Zilizokwisha kuingia tawi kuu ziacheni. Kubadilisha ujumbe hubadilisha utambulisho wa komiti hiyo na zote zilizoifuata, na timu nzima itavurugikiwa. Badala yake wekeni faili ya waandishi kwenye ripo, mtaje sehemu alizojenga, mfano malipo au ripoti. Na kwa kuwa anaomba kazi sasa hivi, mwandikie barua inayosema mliandika nini pamoja, ukitaja komiti zenyewe, aiambatishe kwenye maombi yake.