Anang'ata mwanzo wa kunyonya au mwisho?

Pole sana mama, maumivu hayo nayajua. Umesema mwanao ana miezi saba, meno mawili ya chini yametokeza, anakung'ata hadi chuchu imechubuka, na tayari kuna watu wanakushauri umwachishe ziwa. Kwa sababu hiyo tu, usimwachishe. Wangu wote wawili waling'ata, na wote walinyonya hadi wakapita mwaka na nusu.

Mimi nilianza kwa kukosea. Kifungua mimba aliponing'ata mara ya kwanza nilipiga ukelele, naye akacheka. Kesho yake akaning'ata tena huku ananikodolea macho, anangoja nipige tena. Wa pili nilimpigia ukelele uleule. Huyo akaangua kilio, akagoma ziwa kutwa nzima. Ikabidi nikamue nimnyweshe kwa kikombe, hadi usiku alipokubali kunyonya akiwa nusu usingizini. Tangu hapo nikawa naumia kimyakimya. (Basi, karibu kimyakimya.)

Aliyenifumbua macho ni muuguzi mmoja aliyeniuliza, "Anang'ata mwanzo au mwisho?" Sikuwa na jibu. Akanieleza kwamba mtoto akinyonya sawasawa ulimi wake hutangulia mbele ukafunika ufizi wa chini pamoja na hayo meno, kwa hiyo ili ang'ate lazima kwanza aache kunyonya. Nikamchunguza mwanangu siku mbili. Kweli, ilikuwa mwisho, kila mara. Kwanza sauti ya kumeza inakatika, kisha macho yanaanza kuzurura, anachezea ziwa kwa midomo, halafu taya linakaza. Kati ya kuacha kumeza na kukaza taya una nafasi ndogo ya kumtoa, na hiyo ndiyo ya kuvizia. Simu weka mbali. Mimi niling'atwa zaidi siku nilizokuwa naperuzi.

Kumtoa nako kuna namna yake. Usivute, maana ukivuta meno yanakwangua na kidonda kinakuwa kikubwa. Pitisha kidole chako cha mwisho, kisafi, kwenye pembe ya mdomo hadi katikati ya fizi, mnyonyo uachie, ndipo umtoe huku kidole kikikinga chuchu. Akishakubana, msogeze uso karibu zaidi na ziwa kwa sekunde moja hivi. Atafungua mdomo mwenyewe apate hewa. Usimkandamize. Kisha mwambie "hapana, mama anaumia" kwa sauti ya kawaida, funga nguo, mpe kitu cha kutafuna. Kama bado ana njaa atakudai, na utamrudishia baada ya dakika chache. Kifungua mimba alihitaji kama wiki mbili kuelewa, mdogo wake siku chache tu. Kumpiga au kumfinya hakumfundishi kitu, anajifunza kuogopa ziwa.

Usiku ndio ulionishinda zaidi, kwa sababu nilizoea kumwacha alale na chuchu mdomoni. Akipitiwa na usingizi chuchu inateleza kuelekea kwenye meno, naye anabana bila kujua. Akiwa na mafua pia huteleza hivyo hivyo, maana hapati hewa puani. Msafishe pua kwanza.

Fizi zikimwasha, zisugue taratibu kwa kidole kisafi kabla ya kumnyonyesha, au mpe kitambaa safi kilicholowanishwa na kupozwa kwenye friji (si kugandishwa) akitafune ukiwa unamwona. Zile jeli za ganzi za kupaka fizi achana nazo. Zenye benzokaini ni hatari kwa walio chini ya miaka 2. Asali nayo hapana hadi atimize mwaka. Akisumbuka sana, waulize wahudumu wa afya dawa ya maumivu na kipimo kinacholingana na uzito wake.

Hicho kidonda chako, nilipochubuka mimi nilipaka maziwa yangu mwenyewe mwisho wa kunyonyesha na kuyaacha yakauke. Lakini ziwa likiwa jekundu, la moto na gumu, au ukipata homa, nenda hospitali siku hiyohiyo, na usiache kunyonyesha au kukamua.

Kwa leo anza na ziwa lililo zima, apunguze njaa, ndipo umhamishie kwenye lililochubuka. Kidole kiwe tayari.