Nilichagua samadi nikidhani nimechagua mbegu

Mwaka wa kwanza nilipoamua kujichagulia mbegu ya maharage, hapa Kasulu, nilijiona fundi. Nilipita shambani kabla ya kuvuna, nikafunga vitambaa vyekundu kwenye mashina yaliyobeba maganda mengi, nikayavuna peke yake. Msimu uliofuata nikayapanda kwa mbwembwe zote. Wapi! Yalizaa sawasawa na ya jirani aliyeokota mbegu sokoni.

Bibi aliniuliza swali moja tu: "Mjukuu wangu, hayo mashina ya vitambaa yalikuwa upande gani?" Yalikuwa upande wa chini, palipokuwa na zizi la mbuzi zamani. Nilikuwa nimechagua samadi.

Basi ukitaka kuchagua, ruka kingo za shamba, ruka penye zizi, jalala au kichuguu. Ligawe shamba vipande, na katika kila kipande chukua mashina mawili matatu yaliyowashinda majirani zao wa karibu. Usilinganishe shina la bondeni na la kilimani. Mbegu za kila shina ziweke kwenye bahasha yake. Ukizichanganya umepoteza mwaka mzima. Mvua zikirudi, kila bahasha ipate mstari wake, na mistari hiyohiyo uirudie upande mwingine wa shamba. Unaotia fora pande zote mbili ndio wa kuutunza.

Inawezekana kwa sababu maharage, kama ngano, kwa kawaida hujichavusha yenyewe, kwa hiyo watoto hufanana na mama. Kwa mahindi usijaribu, yanapokea chavua ya shamba la jirani.

Mwanasayansi wa Denmark, Wilhelm Johannsen, alilionyesha jambo hili mwaka 1903, tena kwa maharage. Ndani ya ukoo wa shina moja, hata ukipanda punje kubwa tupu, watoto hawawi wakubwa kuliko wa punje ndogo. Pasipo mchanganyiko hakuna cha kuchagua. Lile gunia letu la mseto, njano, nyekundu na ya madoadoa, ambalo wachuuzi hulikunjia uso, ndilo lenye mali.

Watu wa ngano walilijua hilo kwa uchungu. Aina nyingi duniani zilitegemea jeni moja, yaani chembe ya urithi, iitwayo Sr31, iliyotoka kwenye nafaka iitwayo rai, kuzuia ugonjwa wa kutu ya shina. Mwaka 1998, hapo Uganda tu, ukaonekana ukungu uliopenya kinga hiyo, ukaja kuitwa Ug99. Watafiti wakaanza kupekua ngano za kienyeji na hata nyasi ambazo ni ndugu wa ngano, wakitafuta kinga nyingine.

Ndiyo maana mistari yangu iliyoshindwa siitupi yote. Kila mmoja naubakizia chupa moja iliyokuwa ya maji, punje zikiwa kavu kabisa, zimejaa mpaka shingoni, majivu kidogo, kizibo kimekazwa, fukusi wakose pumzi. Zipo kumi na moja uvunguni, na mke wangu ameshapiga marufuku ya kumi na mbili.