Unayetaka kuacha dawa ili uingie majaribio ya seltoreksanti, ngoja kwanza

Mkuu hapana. Umeuliza mambo matatu sijui manne kuhusu seltoreksanti, hiyo dawa ya majaribio kwa wenye sonona wasiopata usingizi, ila mimi nimegandia hapo uliposema unaacha dawa ya sonona wiki mbili kabla ya kwenda kupimwa, "mwili uwe safi". Meza kidonge chako leo kama kawaida halafu uje usome.

Mimi nilikuwa kwenye venlafaksini, nayo ni dawa ya sonona. Ile haikai mwilini, ndani ya masaa machache nusu imeshatoka, ukikata ghafla mwili unajua siku hiyohiyo. Siku ya pili nikigeuza macho tu nasikia shoti kichwani, tsss, kama nyaya zimegusana, kizunguzungu, jasho, kichefuchefu, nikalia kwa tangazo la sabuni (sabuni yenyewe wala siitumii). Arosto kamili, na mimi pombe sinywi! Usingizi ndo ukahama kabisa, yani mtu unatafuta dawa ya usingizi unaanza kwa kuyaua hata yale masaa matatu uliyokuwa nayo.

Siku ya kupimwa nikaenda hivyohivyo, kichwa kama redio isiyoshika stesheni. Daktari akauliza natumia dawa gani ya sonona, nikajibu kwa fahari kabisa situmii. Akaweka kalamu chini. Kumbe kwenye majaribio yale seltoreksanti inaongezwa juu ya dawa unayotumia, haichukui nafasi yake, walikuwa wanatafuta mtu ambaye yuko kwenye SSRI au SNRI (makundi ya dawa za sonona, venlafaksini yangu ni SNRI) lakini haijamkamata vizuri na usiku bado anahesabu dari. Yani mimi kabisa, mimi wa wiki mbili nyuma. Nikarudishwa kwa daktari wangu kuanza upya na dozi ndogo.

Na aliyenidanganya ni jamaa wa grupu la WhatsApp, anajiita mshauri wa afya ya akili, eti dawa mpya inagombana na za zamani, "safisha mfumo". Mfumo! Kwani mimi kabureta? Nilipomwandikia yaliyonikuta akanitumia emoji ya mikono ya kuomba, basi. Baadaye anakuja kusema yeye mwenyewe hajawahi kumeza dawa ya sonona hata siku moja, alisikia kwenye video.

Hilo ulilouliza kama seltoreksanti ni sawa na diazepamu, ile ya kutuliza, hapana, njia ni tofauti. Seltoreksanti inaziba kipokezi cha pili cha oreksini, kemikali ya ubongo inayokuweka macho, iliyogunduliwa 1998. Suvoreksanti, dawa ya usingizi iliyopitishwa Marekani 2014, inaziba vipokezi vyote viwili vya oreksini. Na ujue majaribioni unaweza kupangiwa plasebo, kidonge kisicho na dawa, na usijue, sasa piga picha umeacha dawa yako halafu kila usiku unameza unga mtupu.

Fomu ya ridhaa waombe mapema, soma pale wanapoandika dawa za kuendelea nazo, na dozi haiguswi mpaka aliyekuandikia aseme, na hata akisema mwambie akupunguzie taratibu.

Maswali mengine nimeyasahau, nisamehe. Ila ya leo umemeza? Jibu hapahapa.