Jibu: Mashine ya masikio ya mama inapiga filimbi, na sokoni hasikii

Habari mkuu, pole na mama. Umesema mashine yake mpya ya kumsaidia kusikia inapiga filimbi, halafu nyumbani anasikia freshi ila akifika soko la Mbuyuni ni kelele tupu.

Anza na filimbi. Cheki kile kimpira cha sikioni kama kinamkaa, kikipwaya sauti inatoka nje inarudi kwenye maiki ndo inapiga hivyo, hizi za kidijitali zinajitahidi kuizima ila sio kama kimpira kimelegea. Cheki na nta sikioni. Ya baba yangu ilikaa kimya kabisa, kumbe nta imeziba katundu ka sauti, kubadili kachujio kake ka kuzuia nta tu ikarudi.

Ya sokoni sasa, nyingi za siku hizi zina maiki mbili zinazosikiliza zaidi mbele, kwa hiyo mama amgeukie anayeongea naye, na uliza kama ina programu ya sehemu zenye kelele, zingine unabadilishia kwenye simu kwa bluetooth. Wasimwongezee sauti tu jamani, kelele nazo zinapanda! Arudi kwa aliyempima airekebishe kwa kompyuta kufuata vipimo vyake, ikishindikana nendeni idara ya masikio pale hospitali ya KCMC, Moshi.