Mbona bata ana utando miguuni, kuku hana?

Swali: Nafuga kuku na bata, mbona vidole vya bata vimeunganishwa na ngozi na vya kuku vimeachana? Jeni zao zimepishana sana au?

Jibu: Wala si sana ndugu yangu. Ndani ya yai wote wanaanza na mguu kama kasia, sasa kwa kuku seli za katikati ya vidole zinapata ishara ya protini iitwayo BMP, inaziamuru zife, zinakufa kweli na vidole vinaachana. Bata naye BMP anayo, ila jeni ya Gremlin inawashwa palepale katikati inaziba ishara, ngozi inabaki. Watafiti walishaweka protini ya Gremlin kwenye mguu wa kifaranga akiwa bado yaini, akaota utando! Hata vidole vyetu tumboni vilianza hivyohivyo, ndo maana wengine wanazaliwa viwili vimeshikana.