Kabla hujairekebisha saa ya kompyuta, pima imekosea kwa kiasi gani

Saa ya kompyuta ikikosea, wengi hukimbilia kuiandika upya. Inakaa sawa hadi mashine izimwe, na kesho yake kosa limerudi palepale. Ukubwa wa kosa ndio unaotaja chanzo, kwa hiyo usiguse kitu kabla hujapata hesabu. Maelezo haya ni ya Linux zinazotumia systemd (Ubuntu, Debian, Fedora na ndugu zao), na Windows pale mifumo hii miwili inapokaa kwenye mashine moja. Nitaandika "masaa" kwa muda na "saa" kwa kutaja wakati, makusudi, maana hapa chini vikichanganyika tumepotea. Wasahihishaji wa lugha watanivumilia.

Anza na amri moja:

`timedatectl`

Mistari mitatu ya mwanzo ndiyo ya maana: Local time, Universal time na RTC time. Ndani yake kuna saa mbili halisi. Moja imo ndani ya keneli (kiini cha mfumo endeshi) nayo inahesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970 kwa UTC (wakati wa kimataifa, ndio Universal time; Afrika Mashariki iko masaa matatu mbele yake). Hii ndiyo saa ya mfumo, na programu zote huiuliza yenyewe. Nyingine ni RTC, saketi ndogo kwenye mazabodi inayoishi kwa betri mashine ikiwa imezimwa. Kompyuta inapowaka saa ya mfumo huchukua wakati kutoka RTC, kisha hujiendesha peke yake. Local time si saa ya tatu, ni UTC iliyojumlishwa ukanda wa saa.

Ukitaka kuiona namba ghafi, andika `date +%s`. Kuigeuza kuwa tarehe, `date -d @1700000000`: kwa Afrika Mashariki utapata tarehe 15 Novemba 2023, 01:13:20, yaani saa saba na dakika 13 usiku wa kuamkia tarehe 15. Kwa UTC bado ni tarehe 14.

Sasa linganisha Local time na simu iliyo kwenye mtandao, utoe upate tofauti. Kila tofauti ina chanzo chake:

Masaa matatu kamili. Tazama Universal time. Kama yenyewe iko sahihi na Local ndiyo iliyo nyuma, ukanda haujawekwa:

`sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`

Nairobi na Kampala zina +3 hiyohiyo. Lubumbashi, Kigali na Bujumbura ni +2, Kinshasa +1, Muscat +4. Kosa la saa moja au mawili kamili mara nyingi ni mashine iliyonakiliwa kutoka kwenye ukanda wa jirani. Kontena (programu zilizofungashwa pamoja na mahitaji yake, kama za Docker) nazo huwa nyuma kwa masaa matatu, kwa sababu zikija bila mpangilio husoma UTC. Kontena haina saa yake, inatumia ya keneli ya mwenyeji, ndiyo maana `date -s` ndani yake hujibiwa "Operation not permitted". Ipe `TZ=Africa/Nairobi` inapoanzishwa, na kwenye Alpine (Linux ndogo inayotumika sana kwenye kontena) sakinisha kwanza tzdata, orodha ya kanda za saa, la sivyo itabaki UTC kimyakimya.

Kama Universal time yenyewe ndiyo imekosea kwa masaa matatu, hapo kuna ugomvi wa Windows na Linux. Linux huandika UTC kwenye RTC, Windows huandika saa ya mahali. Ukitoka Windows, Linux huikuta saa ya mahali, hudhani ni UTC, huongeza tatu. Ukitoka Linux, Windows huwa nyuma kwa tatu. Suluhisho bora ni kuifundisha Windows isome UTC, kwenye dirisha la amri lililofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi:

`reg add "HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\TimeZoneInformation" /v RealTimeIsUniversal /t REG_DWORD /d 1 /f`

Kisha ingia Linux, hakikisha saa iko sahihi, toa `sudo timedatectl set-local-rtc 0` (RTC ishike UTC) na `sudo hwclock --systohc` (saa ya mfumo inakiliwe kwenye RTC). Kuna njia ya kinyume, ya kuifanya Linux isome saa ya mahali, `set-local-rtc 1`, lakini timedatectl yenyewe itakuonya, na ina haki.

Masaa sita kamili. Hili ni kosa letu sisi, na ndilo linalochelewa kuonekana. Mtu anaambiwa ni saa nane mchana, anaandika 08:00 badala ya 14:00. Au anapanga nakala rudufu ya saa nane usiku kwenye cron (kipanga-kazi cha Linux, kinachoandika dakika kwanza kisha saa) kwa kuandika `0 8 * * *`, na kazi nzito inaanza saa mbili asubuhi watu wakiingia kazini. Saa nane usiku ni `0 2 * * *`.

Chanzo cha pili kimejificha zaidi. Katika orodha ya kanda kuna Etc/GMT+3, na kila anayejua kwamba tuko "GMT jumlisha tatu" huichagua. Majina hayo yamegeuzwa alama: Etc/GMT+3 ni masaa matatu NYUMA ya UTC. Matokeo yake ni tofauti ya masaa sita na saa zetu, hivyo saa 14:00 mashine inaonyesha 08:00. Msomaji wa Kiswahili akiitazama anaona nane, na kweli ni saa nane, basi anaridhika. Seva inaweza kukaa hivyo wiki nzima bila mtu kushtuka, hadi kumbukumbu zake zilinganishwe na za seva nyingine. Tumia jina la mji siku zote.

Miezi au miaka. Betri imekufa. Dalili huanza kwenye kivinjari: kila tovuti ya https inakataa kwa madai kwamba cheti bado hakijaanza kutumika, na apt (kisakinishi cha programu cha Ubuntu na Debian) inasema faili ya Release "is not valid yet". Betri ni CR2032, ile bapa ya volti 3. Mpya husoma juu kidogo ya 3 kwenye multimita. Ikisoma chini ya 2.8 ibadilishe. Kabla ya kuitoa, piga picha mipangilio ya BIOS (programu ya mazabodi inayowasha kompyuta), hasa mpangilio wa diski, kisha chomoa waya wa umeme. Kwenye laptopu nyingi betri hii huja na waya na soketi yake, hivyo usinunue ile tupu kabla hujafungua.

Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, hadi toleo la 4 haina RTC kabisa. La 5 inayo, ila betri yake hununuliwa pembeni. Panapokosekana mtandao, iongezee moduli ya DS3231, ambayo ni RTC ya kuchomeka.

Sekunde zinazoongezeka. Kristali ya kawaida yenye kosa la sehemu 20 kwa milioni hupotea sekunde 1.7 kwa siku, karibu dakika moja kwa mwezi. Namba za siri zinazobadilika kila sekunde 30 zitaanza kukataliwa, na Kerberos (mfumo wa kuthibitisha watumiaji kwenye mitandao ya ofisi) hukataa tofauti ikizidi dakika 5. Hapa usirekebishe kwa mkono. Sakinisha chrony, programu inayoilandanisha saa na seva za wakati kwenye mtandao, kisha:

`chronyc sources`

Mstari wenye `^*` ndio chanzo kilichochaguliwa. Safu ya Reach ikisoma 377, maulizo manane ya mwisho yote yamejibiwa. Kama yote ni `^?` na Reach ni 0, shuku ukuta-moto uliofunga UDP 123.

Ukilazimika kuandika kwa mkono, zima ulandanishi kwanza (`sudo timedatectl set-ntp false`), vinginevyo `set-time` itakataa. Halafu:

`sudo timedatectl set-time '2025-06-14 14:30:00'`

Amri hii huandika na RTC pia. `date -s` haigusi RTC, na ndiyo inayofanya kosa lirudi baada ya kuzima. Malizia kwa `set-ntp true`.

Kupeleka saa mbele huvumilika. Kuirudisha nyuma kwenye seva yenye hifadhidata ni jambo jingine: rekodi mpya zitaonekana kuukuu kuliko za zamani, na make (programu ya kujenga programu nyingine kwa kulinganisha tarehe za faili) italalamika kuhusu faili zilizotoka kesho. Kosa dogo waachie chrony walivute polepole. Likiwa kubwa, simamisha huduma, toa `sudo chronyc makestep`, hakiki kwa `chronyc tracking`, ndipo uziwashe. Na kwa wanaoandika programu: muda uliopita usiupime kwa saa ya ukutani. Kwenye Python tumia `time.monotonic()`, siyo `time.time()`, maana ile ya kwanza hairudi nyuma hata msimamizi akiirudisha saa.