Dinosaria nane au dinosaria wanane?

SWALI: Ninafundisha chekechea. Wiki hii watoto wanafukua dinosaria wa plastiki niliowazika kwenye beseni la mchanga, kisha wanawahesabu. Mwenzangu ananisahihisha: ati neno ni la kigeni, tena hao ni midoli tu, niseme "dinosaria nane". Je, ni kweli? Na nikiwaita mijusi nitakosea?

JIBU: Mwalimu, umeandika "niliowazika" na "wanawahesabu". Sikio lako limeshajibu: dinosaria wanane.

Ugeni wa neno si hoja. Pengwini naye ni mgeni, nasi twasema pengwini wawili. Uhai nao si hoja. Mwanasesere hana pumzi, lakini mtoto husema "mwanasesere wangu amelala", na hakuna mzazi anayemkosoa. Ila akifukua mfupa peke yake, upatanisho unaufuata mfupa: mfupa wa dinosaria umeonekana.

Penye kazi hasa ni kwenye kuhesabu. Mtoto akigusa mmoja mmoja na kusema "moja, mbili, tatu", mwache, anataja namba. Kisha muulize, "Wako wangapi?" Hapo ajibu "watatu". Mchanga ukiendelea kupungua atasema dinosaria sita, dinosaria saba, halafu ghafla wanane, kisha tisa. Sita, saba na tisa zimetoka Kiarabu na hazipokei kiambishi. Kumi ni ya kwetu, nayo haipokei. Usimwelezee mtoto haya. Tamka naye kila mnyama anapotoka mchangani, mdomo utazoea wenyewe.

Kuhusu mjusi: jina la kisayansi la dinosaria lilitungwa na Mwingereza Richard Owen mwaka 1842 kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya mjusi wa kutisha. Ndiyo maana tunasema "mjusi wa Tendaguru", yule ambaye mifupa yake ilichimbwa Lindi na Wajerumani kati ya 1909 na 1913, na leo amesimamishwa Berlin akiwa na kimo cha zaidi ya mita 13. Jina hilo limeshakaa, wafundishe lilivyo. Lakini kwa kundi zima, shika dinosaria. Mjusi anayemjua mtoto ni yule wa ukutani anayewinda mbu, na kuku wa uani ana undugu wa karibu zaidi na dinosaria kuliko huyo. Gandamiza mguu wa kuku kwenye udongo wa mfinyanzi: alama ya vidole vyake vitatu vya mbele inafanana na nyayo walizoacha dinosaria wengi wala nyama.